Jumatatu Ambayo Hatukumpigia Simu Mzee Tangu Lini

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika hospitali yetu, fundi mkuu wa kompyuta, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Mzee Tangu Lini, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu dirisha langu la mapokezi linatazamana na mlango wa chumba chake, na kwa miaka mingi nimemwona akiingia na kutoka kuliko alivyoonwa na mtu mwingine yeyote, ukiacha watu wa nyumbani kwake. Mimi si mwandishi. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na Mungu anisaidie nisizidishe.

Aliingia hapa kijana mwembamba mwenye kisanduku cha vifaa, akaajiriwa kutengeneza taipureta. Siku hizo kila ofisi ilikuwa na taipureta yake, na kila taipureta ilikuwa na ugonjwa wake. Ya uhasibu ilimeza herufi, ya masjala iliruka mistari, na ya Mganga Mkuu ilikuwa nzima lakini ikilalamikiwa kuliko zote. Kompyuta zilipoletwa, zikiwa bado kwenye maboksi, uongozi uliuliza mkutanoni ni nani anayezijua. Hakuna aliyenyoosha mkono. Yeye alikuwa amekaa nyuma na bisibisi imechungulia mfukoni, na macho ya watu wote yakaenda kwenye ile bisibisi. Hivyo ndivyo alivyopata cheo. Alipelekwa masomoni, akarudi na cheti na miwani, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu.

Chumba hicho wengi mnakijua kwa baridi yake. Pembeni ipo seva, yaani ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine zote, na juu yake kiyoyozi kinavuma kutwa. Kuna kiti kimoja cha mgeni ambacho mguu wake umefungwa kwa waya, na kila aliyekikalia aliambiwa aegemee kushoto. Mwenye chumba alifanya kazi amevaa sweta wakati nje jua linawaka, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni yangu walimtazama kwa huruma wakidhani ana homa.

Jina la Mzee Tangu Lini alipewa na wauguzi. Ukimwendea na tatizo lolote, swali la kwanza lilikuwa hilo. Printa haitoi karatasi. Tangu lini? Kompyuta inajizima. Tangu lini? Likishajibiwa ndipo lilipofuata la pili: nini kilibadilika? Hakugusa kitu kabla ya kupata majibu hayo, hata kama aliyesimama mbele yake ni daktari bingwa mwenye haraka zake. Kuna mama mmoja, mgonjwa, alipotea njia akaingia chumbani kwake na kumwambia mgongo unamuuma. Akaulizwa tangu lini. Mama wa watu akakaa kwenye kile kiti, akaegemea kushoto, akaeleza yote, tangu mimba ya kitinda mimba wake mpaka ndoo ya maji aliyoinua juzi. Alipomaliza akaambiwa kwa upole kwamba hapa hakuna daktari, akasindikizwa mpaka kwenye foleni inayomhusu. Hadi leo akija kliniki hupita dirishani kwangu na kuuliza, "Yule daktari wangu wa sweta yupo?"

Nisimsahau na Matroni wa wakati ule, Mungu amrehemu. Aliithamini kompyuta ya wodi mpaka akaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, akaifunika juu hadi chini kama alivyoifunika redio yake nyumbani. Mashine ikawa inapata joto na kuzimika kila mchana. Mzee alipouliza kilichobadilika, alijibiwa kwamba hakuna, ila imependezeshwa. Mtu mwingine angecheka. Yeye alikisifia kitambaa, akakikunja vizuri, akasema kitafaa zaidi kuwekwa kazi ikiisha na mashine imezimwa, ili vumbi lisiingie. Matroni akaona ameongezewa utaalamu. Wiki iliyofuata alikuwa akipita wodi nyingine kuwafundisha wenzake namna ya kufunika kompyuta.

Sasa niieleze kazi yake yenyewe, kama alivyonieleza mimi ambaye elimu yangu ni ndogo. Ndani ya seva zimo programu zisizo na sura. Huzioni kwenye skrini wala huzibonyezi. Zinaitwa huduma. Mashine ikiwashwa zinaamka zenyewe na kufanya kazi nyuma ya pazia. Mimi nikiandika jina la mgonjwa hapa dirishani, kuna huduma inayolibeba kulipeleka maabara, tuiite mbebaji. Kuna nyingine inayolipokea na kulichapa kwenye lebo ndogo inayobandikwa kwenye chupa ya damu. Mchapaji wa lebo hawezi kuanza kama mbebaji hajaamka. Moja ikigoma, sisi tunachoona ni kwamba lebo haitoki, basi. Sababu iko ndani kabisa, na inabidi mtu aifuate huduma kwa huduma. Wengi wetu dawa yetu ilikuwa kubonyeza kitufe mara nyingi na kwa nguvu. Yeye alikuwa akisema huduma ikigoma kuamka huacha neno, na kazi ya fundi ni kulisoma hilo neno badala ya kuipigia kelele.

Mfumo huo wa lebo ndio kazi yake kubwa, ingawa hakuwahi kujisifu nao. Kabla ya hapo chupa ziliandikwa kwa kalamu. Wino ulichuruzika, miandiko ikafanana, na wanawake wawili wenye jina moja na ubini mmoja waliwahi kukalia benchi moja wakisubiri majibu tofauti kabisa. Mkuu wa maabara, ambaye sote tunamwita Mama Maabara, aliligundua hilo majibu yakiwa tayari mkononi mwa mtu wa kuyapeleka. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Mzee alisimama naye pale muda mrefu. Tangu siku hiyo hakupumzika mpaka mafundi wa mfumo walipokuja kuusimika. Alipopewa zawadi ya mfanyakazi bora, ambayo ilikuwa saa ya ukutani, aliitundika kwenye ukumbi wa wagonjwa kwa sababu, alisema, nyumbani hakuna anayemuuliza saa.

Alikuwa na tabia moja ambayo hatukuielewa. Kila baada ya miezi mitatu, Jumapili moja, alikuja kazini asubuhi na chupa yake ya chai, akajifungia, akatoka baada ya muda mfupi, akaenda zake. Hakuitwa na mtu. Nikiwa zamu nilimsalimia nikadhani anapenda utulivu, labda anaomba, na kwa kweli nilimheshimu kwa hilo. Wengine walisema anakwenda kuziamsha mashine. Likizo zake zote alizipanga kando ya Jumapili hizo, na ikishindikana alikatisha likizo akarudi.

Hapo ndipo ninapofikia jambo la mama yake. Mzee ni mtoto wa kwanza. Baba yao alipofariki, baadhi yetu tulikwenda hadi kijijini kumpa pole, nasi tulimwona mama kwa macho yetu. Ni mama mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na macho yamemwishia. Anatambua mwanga na kivuli, basi. Mdogo wake Mzee, dada yao wa mwisho, ndiye aliyekuwa akikaa naye, lakini sasa mume wake amehamishwa kikazi na imebidi amfuate. Mama amekataa katakata kuhamia mjini. Anasema nyumba yake anaijua kwa mikono, na mjini atakuwa kipofu kweli. Kwa hiyo Mzee aliahidi kwamba akistaafu atakwenda kukaa naye.

Aliahidi, lakini hospitali ilikuwa na mkono mrefu. Muda wake wa kustaafu ulifika akaombwa aongeze mwaka, kwa sababu kuna huduma iligoma kuanza wiki ile ile na hakuna aliyeiweza. Akaongeza. Ukafika tena, yakawa yale yale. Akienda kijijini kwa siku chache, simu inaita. Mama yake aliujua mlio wa simu yetu. Tukiwa tumekaa pale kwenye mkeka siku ya msiba, simu iliita, na kabla Mzee hajaipokea mama alikuwa ameshainuka, anapapasa ukutani anatafuta viatu vya mwanawe.

"Wanao wa hospitali hao," alisema. "Nenda, baba. Viatu hivi hapa. Kimoja nakitafuta."

Sisi ndio tuliokuwa hao wanawe, tumekaa mbele yake na vikombe vya chai mkononi. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Bahati nzuri simu yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekosea namba.

Safari hii, basi, uongozi uliamua mambo yafanyike kwa heshima. Aliletewa mrithi mapema, fundi mwenzake mwenye shahada, ambaye wauguzi walishampachika jina la Dada Nyaya kwa kuwa hutembea na nyaya shingoni kama daktari na kipimo chake. Mzee alimwita mwanangu, akamkabidhi kila kitu, funguo, swichi, mpaka siri ya kile kiti. Kisha akaenda kijijini kwa likizo yake ya mwisho, arudi siku ya kuagwa tu. Hata hivyo, nasikia ofisini nyongeza ya mkataba ilikuwa imeshaandaliwa kimya kimya, endapo.

Naye afisa wetu wa utumishi alikuwa na nia yake njema. Mnamkumbuka dereva wetu wa gari la wagonjwa aliyestaafu, akawa anarudi hapa kila wiki amevaa shati lake la ibada kufuatilia sahihi za ofisi mbalimbali ili alipwe mafao yake. Afisa Utumishi aliapa kwamba Mzee hatadhalilika hivyo. Alizunguka mwenyewe idara zote akamkusanyia sahihi kabla ya siku. Ijumaa iliyopita, kabla ya kwenda nyumbani, alikamilisha jambo la mwisho, yaani kufunga akaunti ya Mzee ya kuingilia kwenye kompyuta za hospitali. Aliniaga pale dirishani akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kufunga zawadi.

Mwisho wa wiki ulipita salama. Jumatatu asubuhi fundi umeme akajaribu jenereta, seva ikazimwa na kuwashwa, na lebo hazikutoka tena.

Mimi ndiye niliyeanza kuona. Niliandika jina la mgonjwa wa kwanza, nikamwelekeza maabara, akarudi akaniambia wamesema hawajamwona. Wa pili vivyo hivyo. Mama Maabara akatoa kalamu. Aliwaweka wasaidizi wake wawili wawili, mmoja anaandika, mwingine anasoma jina kwa sauti, na mgonjwa mwenyewe anaitikia kabla chupa haijawekwa. Foleni ikafika getini. Hakukosewa hata mmoja, lakini uso wa Mama Maabara ulikuwa ule ule wa siku ya ngazi.

Chumba cha Mzee kilijaa watu kama cha mwenye msiba. Dada Nyaya alikuwa kwenye kompyuta, akiiagiza huduma ya lebo ianze. Ilijaribu, ikasimama. Afisa Utumishi akashauri kwa nia njema, "Bonyeza tena, dada, huenda haikusikia." Fundi umeme alikuwa anaapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba umeme wake ni msafi. Mganga Mkuu aliingia na simu mkononi, namba ya Mzee ikiwa tayari kwenye kioo.

"Samahani, daktari," Dada Nyaya alisema bila kugeuka. "Ukimpigia atakuja leo leo, na wote tunajua akija atabaki. Nipe mpaka adhuhuri."

Mganga Mkuu aliitazama simu, akatutazama sisi tuliokwenda msibani. Sijui aliona nini usoni mwetu. Akaiweka simu mezani, kioo kikiwa chini.

Ndipo binti yule akauliza, "Tangu lini?" Tukatazamana, maana sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa ya mwingine. Tukajibu, tangu asubuhi, tangu jenereta. Akasema mashine hii imeshazimwa na kuwashwa mara nyingi na huduma zake zote zikaamka, kwa hiyo kuzimwa si badiliko. Badiliko liko kati ya mara ya mwisho ilipoamka salama na leo. Akaacha kubonyeza, akafungua mahali ambapo seva huandika matukio yake, akasoma. Mchapaji wa lebo alikuwa ameacha neno: huduma ninayoitegemea haikuanza. Akamfuata mbebaji. Naye alikuwa ameacha lake: nimeshindwa kuingia. Akatufafanulia kwamba huduma nayo, kama mfanyakazi yeyote, huingia kazini kwa jina fulani na nenosiri fulani, na huyu mbebaji alibisha hodi akakataliwa mlangoni. Akafungua ukurasa unaoonyesha anaingia kwa jina la nani.

Lilikuwa jina la Mzee.

Afisa Utumishi aliketi kwenye kiti cha mgeni bila kuegemea kushoto, na fundi umeme alimdaka akiwa tayari ameelekea sakafuni. "Nimeifunga mimi," alisema. "Ijumaa. Nilitaka asisumbuliwe." Ijumaa mbebaji alikuwa ameshaingia ndani, kwa hiyo hakuna aliyemtoa. Jumatatu alipotoka na kutaka kurudi, ndipo alipokuta mlango umefungwa.

Sote tukaielewa na ile Jumapili ya kila miezi mitatu. Mafundi wa mfumo walipokuja miaka ile waliuliza huduma ziingie kwa jina la nani, na kwa vile hapakuwa na jina lililoandaliwa, Mzee alitoa lake. Kila nenosiri lake lilipofika muda wa kubadilishwa, yaani kila miezi mitatu, ilimbidi alibebe jipya kwa mkono na kuliweka kwenye kila huduma, moja baada ya nyingine, la sivyo asubuhi hakuna lebo. Alifanya hivyo muda mrefu mpaka akasahau kwamba ni kazi. Ndiyo maana hakuikabidhi. Mtu akikabidhi ofisi hakumbuki kueleza anavyofunga kamba za viatu vyake.

Kulikuwa na njia ya mkato. Afisa Utumishi, akihema, alisema anaweza kuifungua akaunti ile kwa dakika moja na lebo zitoke. Ilikuwa kweli, na nje watu walikuwa wamesimama juani. Dada Nyaya alikataa. Alisema akaunti ya mtu aliyeondoka ni mlango ulioachwa wazi. Tena ikifunguliwa, Mzee atakuwa amestaafu huku bado yuko kazini bila kujua, na nenosiri likiisha muda wake, simu itaita kijijini. Akaitengenezea huduma akaunti yake yenyewe, isiyo ya binadamu yeyote, yenye ruhusa ya kazi ile tu. Akaianzisha. Ikagoma. Mganga Mkuu aliigusa simu yake, kisha akauondoa mkono. Dada Nyaya akasoma neno lililoachwa: mbebaji aliingia, lakini hakuwa na ruhusa ya kufungua folda anamochukua majina. Akampa ruhusa, akaagiza tena.

Maabara ipo karibu, na kwa ukimya uliokuwepo tuliisikia printa. Lebo ya kwanza ilitoka imepinda kidogo. Mama Maabara aliichana, akaja nayo mlangoni, akaisoma kwa sauti jina lote mpaka ubini, akarudi kwenye chupa zake. Mimi nilimshukuru Mungu palepale nilipokuwa nimesimama.

Dada Nyaya hakuishia hapo. Alipekua huduma zote akitafuta jina la Mzee. Alilikuta kwenye ile inayotunza nakala za kumbukumbu, kwenye inayopanga zamu, na hata kwenye inayoonyesha matangazo pale ukumbini. Aliliondoa kote. Jioni, wagonjwa walipopungua, alizima seva makusudi akaiwasha, nasi tukasimama nyuma yake tukihesabu taa. Nyongeza ya mkataba sijui ilikwenda wapi. Sijaiuliza.

Mzee hajui lolote kati ya haya. Anayasoma leo hii, hapa ukumbini, kama ninyi. Ruhusuni basi nimalizie kwa kuongea naye mwenyewe.

Mzee wetu, katika shughuli kama hizi tumezoea kumwambia anayeondoka kwamba ameacha pengo lisilozibika. Nimewaambia wengi hivyo, na kwa moyo safi. Wewe sitakwambia. Seva imewashwa upya, huduma zote zimeamka, na hata moja haikuuliza uko wapi. Umetufundisha vizuri. Hiyo ndiyo zawadi yetu, mbali na ile iliyofungwa kwa karatasi pale mezani, na iliyo kubwa ni hii usiyoiona.

Tunakushukuru kwa baridi yote uliyoivumilia kwa ajili yetu. Mungu akupe afya, akupe usingizi usiokatizwa, na siku nyingi za kukaa na mama. Msalimie kutoka kwa wale wanao wa hospitali, umwambie simu ikiita siyo sisi, viatu aviache vilipo. Maisha yako yote yaliyobaki yawe mema.

Na ukifika mstari huu, najua swali litakalokutoka. Jibu lake ni hili, Mzee: tangu Jumatatu.